Lamisi Wawili na Tawi Lisiloonekana

Jumatatu, 3 Desemba

Maji yamefunguliwa leo. Asaa, mlinzi wetu wa milango ya maji, alizungusha gurudumu la mlango mkuu kwa mikono miwili na tusi moja, na vyura wakatangulia mbele ya maji kama wapiga mbiu.

Shajara hii nimeianza kwa sababu kampuni ya mbegu imenipa kitabu chenye tarehe, na mtu wa ofisi akipewa kitabu chenye tarehe hana raha mpaka akijaze. Nitaandika hadi mwisho wa kiangazi, nikiweza.

Mimi ni Polikapi Ziem, karani wa zamu za maji katika skimu ya umwagiliaji, umri miaka hamsini na tatu, kitambi kimoja. Ni Mdagao niliyeletwa na kazi kwa Wafrafra miaka kumi na sita iliyopita, na kwa kuwa makabila yetu ni watani, sijawahi kupita sokoni bila kutukanwa. Wananiita mtumwa wao. Wanasema nilihamia huku kufuata vichwa vya mbwa, kitoweo tunachogombea katika utani wetu. Nami nawajibu kwamba vichwa wamekwisha kuvila wao, sisi tumeachiwa mikia. Ndivyo tunavyosalimiana.

Kazi yangu ni nyepesi. Zamani zamu ziligawiwa kwa mdomo, na watu wakapasuana kwa majembe. Miaka sita iliyopita akaja fundi kutoka pwani, Ebo Kwansa, akatuwekea programu kwenye kompyuta. Sasa kila Jumatatu asubuhi nabofya kitufe kimoja, "Andaa Zamu", printa inakohoa, orodha inabandikwa ukutani. Aliyemo anafunguliwa maji wiki hiyo. Asiyemo hafunguliwi, hata awe mama mzazi wa mwenyekiti. Ikishabandikwa haibadilishwi, na kuongeza jina kwa kalamu ni marufuku. Mkulima akikosa zamu tatu katika msimu, kamati inahesabu kwamba ameacha kulima, na jaruba lake anapewa anayefuata kwenye foleni. Sheria ni kali, ila tangu ianze hakuna aliyeshonwa kichwa.

Jumatatu, 10 Desemba

Orodha imetoka. Vumbi la Harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, nalo limetoka. Nimepiga chafya mpaka kifungo cha suruali kikakatika.

Jumanne, 25 Desemba

Misa ndefu, kanga wa kuchoma mfupi.

Jumatatu, 31 Desemba

Orodha imetoka. Vitunguu vimeshika.

Jumatano, 9 Januari

Nimesajili wakulima wapya wanne wa mfereji wa chini. Wawili hawajui tarehe ya kuzaliwa, kama watu wengi wa rika letu huku. Niliwatazama nyuso, nikakadiria mwaka, nikaandika tarehe mosi Januari. Fomu haikubali nafasi tupu, na mimi ni mkunga mzoefu: nusu ya wakulima wa skimu hii nimewazalisha mimi, wote siku ya mwaka mpya.

Jumatatu, 14 Januari

Lamisi Adongo ameingia ofisini bila hodi. Huyu ni mama wa vitunguu wa mfereji wa juu, jaruba namba saba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Katika watani wangu wote ndiye bingwa.

"Wewe mtumwa, umeniua," akasema.

"Pole, marehemu. Mazishi lini? Nataka niwahi kichwa cha mbwa."

"Sipo kwenye orodha yako."

"Marehemu atanywesha nini? Udongo wako si tayari uko juu yako?"

Nikaanza kumlilia kilio cha msibani, kile cha watani, cha kumsifu maiti kwa ulafi wake. Foleni nzima ikacheka hadi ikavunjika. Naye alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka. Sikuangalia orodha. Mtani akikuambia nyumba yako inaungua, kwanza unamuuliza kama ameleta nyama.

Jumatatu, 21 Januari

Amerudi.

"Polikapi, sipo tena."

"Mama, tulikuzika wiki iliyopita. Unataka kuzikwa mara mbili, ule ubwabwa mara mbili?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama anayemwangalia punda aliyegoma katikati ya njia, akatoka.

Mchana nimekosa raha. Nadhani ni maharage.

Jumatano, 23 Januari

Hayakuwa maharage. Asaa alikuja kunywa maji ofisini, akakaa bila kuyanywa.

"Mdagao, utamtania yule mama mpaka lini?"

"Si yeye ndiye anayenitania?"

"Hatanii. Kweli hayupo. Wiki mbili napita mbele ya jaruba lake na ufunguo wangu, nageuza uso kama mwizi. Nenda ukaone."

Nilikwenda. Majaruba ya jirani zake yalikuwa yanameremeta. La kwake lilikuwa limepasuka kama kisigino, majani ya vitunguu yamelala, ncha zimekuwa njano. Alikuwa amechimba kisima kifupi pembeni, anachota kwa kibuyu, anamimina shina kwa shina. Nilisubiri anitukane ili nipate pa kuanzia.

"Karibu, Bwana Karani," akasema.

Miaka kumi na sita hajawahi kuniita hivyo. Afadhali angenitukania ukoo mzima.

Alhamisi, 24 Januari

Nimemtafuta kwenye programu. Yumo, ila amehamishiwa kwenye kundi la "Kumbukumbu", wanakowekwa walioacha kilimo. Nani amemhamisha? Kompyuta hii haiguswi na mtu ila mimi na vumbi. Jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa viko rangi ya kijivu, vimefungwa, havibadiliki. Kitufe pekee kinachokubali ni "Rejesha". Nimekibofya. Amerudi.

Jumatatu, 28 Januari

Lamisi yumo! Asaa amemfungulia maji. Leo nimetembea ofisini kama daktari bingwa.

Jumanne, 29 Januari

Asubuhi amekuja mama mmoja mpole, wa mfereji wa chini, katika wale wanne niliowasajili mwezi huu. Jana hakuona jina lake.

"Unaitwa nani, mama?"

"Lamisi Adongo."

Nikacheka peke yangu. Huku msichana akizaliwa Alhamisi ni Lamisi, na baba anayeitwa Adongo hakosekani kila uchochoro. Rusha jiwe sokoni utapiga wawili. Nilimkuta naye kwenye Kumbukumbu, nikamrejesha, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Humu nitawaandika Lamisi wa Juu na Lamisi wa Chini.

Jumatatu, 4 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa moja nimebofya, orodha imetoka, Asaa ameibandika kabla sijavaa miwani. Lamisi wa Chini yumo. Lamisi wa Juu hayumo.

Nikarudi kwenye mashine. Nikamrejesha wa Juu, nikabofya tena, nikatoa karatasi ya majaribio: wa Juu yumo, wa Chini katoka. Nikamrejesha wa Chini: kaingia, wa Juu katoka. Nimefanya hivyo mara saba. Ni kama kibanda cha kuku chenye nafasi ya kuku mmoja. Ukimsukuma mmoja ndani, mwingine anachomokea nyuma. Wa mwisho kurejeshwa ndiye anayebaki.

Maana yake Jumanne iliyopita, nilipomrejesha yule mama mpole na kujiona mwema, nilikuwa namtoa mwenzake kwa mkono wangu.

Saa nne akaingia Mzee Akurugu, mwenyekiti wa kamati, na daftari lake kwapani.

"Jaruba namba saba," akasema. "Zamu tatu: kumi na nne, ishirini na moja, na leo. Kamati itakaa Alhamisi ya tarehe ishirini na moja."

"Mzee, hajaacha kulima. Mashine ndiyo ina kasoro."

"Imemtoa yeye, ikawaacha mia nne. Kasoro gani hiyo yenye kuchagua?"

"Ndiyo natafuta."

"Mashine haina ndugu, Polikapi. Ndiyo maana tunaipenda."

Anayefuata kwenye foleni ya majaruba ni shemeji yake Akurugu. Nilikuwa najua tangu zamani. Leo nimelijua kwa namna nyingine.

Jumatano, 6 Februari

Nimempata Ebo Kwansa. Siku hizi anaishi nchi ya baridi, ananitumia sauti kwenye simu huku anatafuna kitu.

"Mzee Poli, kile kitufe hakifanyi kazi peke yake. Ukikibofya kinaita utaratibu nilioandika na kuuhifadhi ndani ya hifadhidata. Kama wewe na Asaa: wewe kazi yako kupiga kelele tu, anayezungusha gurudumu ni yeye. Sasa mtafute huyo Asaa wa ndani. Sikumbuki niliandika nini, miaka sita ni mingi. Fungua ile programu ya kuendeshea hifadhidata. Upande wa kushoto utaona kama mti. Fungua tawi la Taratibu."

Nimefungua. Mti upo. Tawi la Taratibu halipo.

Alhamisi, 7 Februari

Halipo.

Ijumaa, 8 Februari

Ebo ametuma picha ya mti ulivyo kwenye skrini yake, amezungushia tawi duara jekundu kana kwamba anaongea na mtoto wa chekechea. Mti wake una matawi saba. Wangu una matatu, kama mti ulioliwa na mbuzi: Majedwali, Fomu, Ripoti. Nimebofya kila kitu kwa kitufe cha kushoto na cha kulia cha kipanya. Nimefungua menyu ya Zana, nikageuza maandishi yote kuwa makubwa kama tangazo la msiba, na imenichukua saa nzima kuyarudisha. Nimetafuta kwa neno "zamu" nikapata majedwali manne na ripoti mbili, zote zisizo na hatia.

"Lipo, Mzee Poli," anasema Ebo. "Lazima lipo."

Mchana nimemwona Akurugu na shemeji yake wamesimama ukingoni mwa jaruba namba saba, wanalinyooshea mikono. Nimewaza: je, kama ni mwenyekiti aliyemwambia Ebo aweke jambo humo ndani? Na kama ndiyo, nani aliyelifuta lile tawi nisilione?

Jumapili, 10 Februari

Padre amehubiri. Sijui alihubiri nini.

Jumatatu, 11 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi nimekaa mbele ya mashine, najua kwamba katika akina mama wawili mmoja atakunywa na mmoja hatakunywa, na anayechagua ni mimi. Wa Juu ana zamu tatu alizokosa na vitunguu vinavyoanza kutunga. Wa Chini amekosa moja, na nikimwacha leo zitakuwa mbili.

Nimemrejesha wa Juu. Nimebofya.

Wa Chini amekuja saa tatu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Nimekosa nini?" Nikamwambia hujakosa kitu. Akasema, "Basi sawa," akaenda zake akipangusa vumbi kwenye kadi yake kwa upande wa kanga. Nimechagua kumnyima mpole kwa sababu mpole hana kelele. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye kwamba nilipiga hesabu ya vitunguu.

Jumatano, 13 Februari

Ebo anasema huenda nimeingia kwa jina lisilo na ruhusa. Amenipa nywila ya mwenye mali, herufi kumi na nne zisizotamkika. Nimeiandika kwenye kiganja, nikasalimiana na Asaa, ikafutika. Ametuma tena.

Ijumaa, 15 Februari

Nimeingia kwa nywila ya mwenye mali. Matawi matatu. Nimepiga meza kwa ngumi, na meza ndiyo iliyoshinda.

Jumamosi, 16 Februari

Leo ofisi haifunguliwi, nimeifungua. Lamisi wa Juu alinikuta nimeinamia skrini. Alivuta kiti bila kukaribishwa, jambo lililonipa moyo, kisha akaniita Bwana Karani, jambo lililouvunja.

"Umefikia wapi?"

Nikamweleza: mti, matawi, Ebo, picha. Alisikiliza huku anaitazama ile skrini kama anayetazama ng'ombe wa watu sokoni.

"Huyo fundi wako, anapofungua anaona saba."

"Saba."

"Na wewe tatu."

"Tatu. Na tumeingia kwa jina moja."

"Sasa sikiliza. Mgeni akija kwangu namweka uani, chini ya kivuli. Anaona ghala, anaona kuku, anaenda kusema ameiona nyumba ya Lamisi. Chumba cha nyuma hajakiona, na sijakibomoa. Hapo ulipo, hii mashine imekuweka uani au imekuingiza ndani?"

"Nimeingia kama mwenye nyumba, si nimekwambia?"

"Umebisha kama mwenye nyumba. Nakuuliza umekalishwa wapi."

Nikaanza kufungua menyu moja moja. Zana. Hariri. Tazama. Chini kabisa ya menyu ya Tazama, mahali ambapo jicho linakuwa limekwisha kuchoka, kuna maneno mawili: "Mwonekano Rahisi" na "Mwonekano Kamili". Alama ya vema ilikuwa kwenye Rahisi.

Nikaibofya Kamili. Mti ukafunguka matawi saba.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku Ebo alipomaliza kazi nilimwambia, "Bwana mdogo, hivi vitu ni vingi, macho yananiuma, hebu vipunguze." Akavipunguza. Mwenyekiti hakuficha kitu. Aliyefichiwa chumba cha nyuma aliomba mwenyewe afichiwe.

Ndani ya tawi la Taratibu kulikuwa na vitu vitano. Cha nne kinaitwa "Ondoa Pacha". Nimekifungua. Sehemu kubwa ni lugha ya mafundi, lakini juu kabisa Ebo ameandika maelezo kwa maneno ya watu, nayo nayanakili kama yalivyo: "Jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa ni mtu mmoja aliyejisajili mara mbili baada ya kupoteza kadi. Bakiza usajili au urejesho wa karibuni, peleka wa zamani Kumbukumbu. Karani amethibitisha kwamba watu wawili hawawezi kufanana vyote."

Karani amethibitisha.

"Inasemaje?" Lamisi akauliza.

Ningeweza kumwambia chochote. Yeye hasomi lugha ya ofisi, na Ebo yuko mbali anatafuna. Nikamsomea yote, neno kwa neno, hadi pale pa karani.

"Tarehe yangu ya kuzaliwa ni ipi humo?"

"Mosi Januari, elfu moja mia tisa sitini na tano."

"Na ya mwenzangu?"

"Hiyo hiyo. Ni mimi niliyeziandika."

"Ilikuwa siku gani ya wiki?"

Nikafungua kalenda ya mashine, nikairudisha nyuma mpaka ikachoka. Ijumaa.

"Mimi ni Lamisi," akasema. "Sijui mwaka, sijui mwezi. Kitu kimoja tu najua, mama yangu alinizaa Alhamisi, na kila anayeniita ananikumbusha. Ukaniuliza ukiwa na kalamu mkononi, nikakutajia jina langu. Wewe ukanizaa Ijumaa."

Hakukuwa na utani hapo, nami sikuutafuta.

Nimempigia Ebo. "Nilikuuliza, Mzee Poli," akasema kwa upole. "Ukacheka, ukasema haiwezekani." Kisha akanielekeza mstari kwa mstari, nami nikaugeuza ule utaratibu: usimhamishe mtu yeyote, uandike tu jina lake pembeni, karani akaulize kwanza.

Kabla sijazima, Lamisi akauliza kama ni wao wawili tu. Nikaenda Kumbukumbu, nikatafuta wote waliohamishwa na "Ondoa Pacha" tangu mwanzo. Ukiwaondoa wao wawili, watu kumi na tisa, miaka sita. Wote niliamini wamechoka kilimo. Kumi na wanane hawakuja hata kuuliza. Mmoja, Abisa, alikuja mara moja, nami nikamjibu kwamba mashine haina ndugu. Sasa najua mwenyekiti aliutoa wapi ule msemo.

Jumatatu, 18 Februari

Lamisi wa Juu yumo. Lamisi wa Chini yumo. Pembeni programu imeniandikia majina ya watu ishirini na sita wanaofanana, wakiwemo wa Kumbukumbu, niwaulize. Nitawauliza.

Jumatano, 20 Februari

Mzee Akurugu alinisubiri kwenye kibanda cha pito, pombe ya mtama, akanimiminia kibuyu. Nilimweleza kila kitu. Alikunywa taratibu.

"Kesho sema mashine iliumwa, ikapona," akasema. "Watu watakuelewa."

"Na jaruba namba saba?"

"Hilo sheria inajua. Zamu tatu ni tatu. Ugonjwa wa mashine ni kama jua kali, haufuti hesabu. Kinachofuta ni kosa la ofisi tu."

"Basi ni kosa la ofisi."

"Ofisi ni nani?"

"Ni mimi."

"Ndiyo nakwambia utumie mashine. Mashine haina aibu. Wewe una miaka saba mpaka kustaafu."

"Na shemeji yako?"

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Ulidhani mimi? Shemeji yangu jaruba hata halitaki, ananifuata tu dada yangu asimseme. Mdagao wewe, una roho mbaya kuliko nilivyofikiri."

Siwezi kutulia. Nimefagia uwanja wote, ambao haukuwa mchafu.

Alhamisi, 21 Februari

Kamati ilikaa kwenye ghala la mbegu, watu kama sitini, nusu mlangoni. Lamisi wa Juu alikaa mbele, mikono magotini. Akurugu akasoma: jaruba namba saba, zamu tatu. Akaniuliza kama ofisi ina neno.

Nilikuwa nimeandika hotuba. Nikasimama, nikaikunja.

Nikasema, "Mashine haikuumwa. Ilifanya nilivyoiambia. Fomu ilikuwa inadai tarehe, nikaona uvivu kukaa na mtu na kuuliza alizaliwa wakati wa nani, mvua gani, chifu gani. Nikawazaa wote siku moja. Kisha nikamhakikishia fundi kwamba waliozaliwa siku moja na kuitwa jina moja ni mtu mmoja. Huyu mama aliponiambia nimemuua, nilimlilia kilio cha mzaha mbele yenu, nanyi mkacheka. Alikuwa anasema kweli. Ni kosa la ofisi, na ofisi ni mimi."

Kisha sauti moja kutoka mlangoni: "Na sisi tuliocheka?"

Nikayasoma yale majina kumi na tisa. Kwa kila jina nilisikia mtu akivuta pumzi mahali fulani ghalani, kwa maana kila jina lilikuwa shangazi au jirani wa mtu.

Kamati imefuta zile zamu tatu. Jaruba namba saba ni la Lamisi. Mimi nimebakizwa kazini kwa masharti: kila Jumatatu nisimame ukutani nisome orodha kwa sauti, na asiyesikia jina lake aseme hapo hapo, na neno lake liandikwe kabla ya kucheka. Pia niende kwa wale kumi na tisa, kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba.

"Hawatamfungulia," Lamisi akasema akiwa amekaa. "Mgeni wa ofisi, Mdagao, tumbo mbele. Nitakwenda naye."

Jumatatu, 11 Machi

Nimesoma majina mia nne na kumi na mbili. Sina sauti. Lamisi wa Chini alijibu "Nipo!" kwa nguvu mpaka mwenyewe akashtuka.

Jumamosi, 30 Machi

Vitunguu vya Lamisi wa Juu vimevunwa. Magunia kumi na moja. Mwaka jana yalikuwa ishirini na mbili, na vya mwaka huu ni vidogo kama vya kuchezea watoto. Alinionyesha kimoja kwenye kiganja, akakirudisha guniani. Nikabeba magunia.

Kisha tukapanda pikipiki yangu kwenda kwa wa kumi na mbili katika wale kumi na tisa. Kati ya waliotangulia, watatu wamehamia kusini, mmoja amefariki, saba wamesema watafikiri. Wa kumi na mbili ni Abisa. Tulimkuta karibu na shimo la udongo, anafyatua matofali, magoti na mikono yote tope.

"Abisa," Lamisi akaita, "nimekuletea huyu mtumwa wangu. Ana maneno. Nimemwambia asiyarefushe."

Niliyafupisha. Abisa hakuinua uso. Alijaza fremu, akasawazisha kwa kiganja, akaiinua. Tofali likabaki zima.

"Miaka minne," akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua ni Akurugu. Tuligombana naye mwaka ule juu ya mfereji. Nikasema, kumbe mtu huyu anaweza kunifuta. Mama yake alipofariki, sikwenda."

Lamisi alishika mdomo. Huku kutokwenda msiba wa mama wa mtu si jambo dogo. Ni kama kuchimba mfereji kati ya nyumba mbili na kuuacha.

"Akurugu hakujua chochote," nikasema. "Ni mimi."

"Nimesikia."

"Jaruba lako utarudishiwa Desemba, maji yakifunguliwa."

"Desemba ni mbali," akasema. Akasimama, akaitazama fremu, akaiegemeza kwenye rundo. Hakunawa. "Hiyo pikipiki ina mafuta?"

"Inayo."

"Nipeleke kwa Akurugu. Nina pole ya miaka minne."

Lamisi akashuka, akampisha. "Nendeni," akasema, "miguu ninayo." Abisa akapanda nyuma yangu, akanishika mabegani kwa mikono ile ile, na njia nzima nikausikia udongo ukikauka kwenye shati langu, ukivuta ngozi.